Kwa Nini Mashine ya Depo Ilisema Sijui

Sikuwa mpiga taipu. Naanza na hilo kwa sababu mwezi uliopita, mliponialika kwenye chumba chenu cha mafunzo kule Kibenga, kijana mmoja mwenye adabu zake zote alinisimamisha mbele ya wenzake akasema, "Huyu ni Mama Zaina, wakati wa vita alikuwa anapiga taipu kwenye kompyuta ya depo ya dawa." Nilinyamaza kwa heshima ya chai mliyoniandalia. Chai ile imekwisha, sasa nasema. Nilikuwa naandika programu. Niliziandika umeme ukikatika, niliziandika vioo vya madirisha vikitetemeka, na niliendelea kuziandika wakati wakubwa wangu wawili wa kwanza walipokwisha kukimbilia nje ya nchi. Atakayeniita mpiga taipu tena nitamwomba aje nyumbani, mtaa wetu wa Buyenzi, anieleze vizuri, nikiwa na mwiko mkononi.

Siku ile ile niliwasikia mkilalamika. Mmoja alisema, "Funksheni inarudisha jibu moja, mi nataka matatu, nifanyeje?" Mwalimu wenu akawaonyesha: unaandika jibu la kwanza, unaweka koma, unaandika la pili, unaweka koma, la tatu, basi. Mkaandika, mkapita. Haikuchukua hata dakika mbili. Mimi nikacheka peke yangu kule nyuma, na binti aliyekaa karibu nami akaniuliza nacheka nini. Nilikuwa nacheka koma. Hiyo koma mnayoiweka bila kufikiri, mimi nusura nifukuzwe kazi kwa ajili yake, na kuna mtoto nusura azikwe kwa sababu haikuwepo.

Kwa mgeni wa mambo haya nieleze kidogo. Funksheni ni kipande cha programu unachokituma. Unakipa swali, kinakwenda kutafuta, kinarudi na jibu. Mimi sikujifunza hilo darasani. Nilijifunza kwa baba yangu, Fundi Juma, aliyekuwa na garaji uani kwetu.

Garaji za Buyenzi zina desturi yao, na sijui kama bado mnaifuata nyinyi mnaoagiza vitu kwa simu. Fundi hawezi kuacha gari limefunguliwa tumbo akaenda mwenyewe kutafuta spea. Anatuma mtu. Baba alimtuma yeyote aliyekuwa karibu, hata mteja, hata mimi nikiwa na miaka tisa. Lakini ole wako urudi na neno moja. Ukirudi ukasema "Iko," alikurudisha mlango ule ule. Iko kwa nani? Nzima, au imechomelewa? Ukirudi ukasema "Apana iko," yaani hakuna, ndiyo ulikiona cha moto. Umetafuta ukakosa, au umekuta duka limefungwa?

"Ile ni mambo mbili," alikuwa akisema. "Mi sikukutuma ulete neno. Nimekutuma ulete habari."

Na sifa kubwa kuliko zote uani pale haikuwa kujua injini. Ilikuwa Baba kufuta mikono kwenye kitambaa, kukutazama, na kusema: "Uyu anajua kutumwa." Nadhani nimeisikia juu yangu mara nne maishani, na zote nne nazikumbuka.

Sasa twende depo. Ilikuwa karibu na bandari, ghala refu la bati, na ndani yake kulikuwa na dawa zilizogawiwa kwa vituo vya afya vya mji. Kompyuta ilikuwa moja. Ilikaa kwenye meza kando ya dirisha la kupokelea watu, juu ya betri kubwa iliyopiga kelele kila umeme ulipokatika, yaani kila siku. Mzee Saidi, mtunza stoo, aliiita "Bwana Mkubwa", na kila asubuhi alipopita aliisalimia "Amahoro" kwa dharau ya wazi. Yeye alikuwa na daftari lake. Aliliandika kwa herufi za Kiarabu, kwa Kiswahili, kama alivyofundishwa madrasa Buyenzi, na hakuna mkaguzi aliyewahi kuweza kulisoma. Wakaguzi walimchukia, naye alifurahi.

Mkuu wetu alikuwa Chef Anselme. Alisoma Ulaya, alivaa tai hata siku ambazo mji mzima ulikuwa umejifungia ndani, na ni yeye aliyenifundisha lugha ya kompyuta iitwayo Pascal kwa kitabu kilichokatika jalada. Namshukuru kwa hilo hadi leo. Lakini alikuwa na sheria, akaibandika juu ya meza yangu kwa mkono wake: *Une fonction, une valeur.* Funksheni moja, jibu moja. Alisema hesabu ndivyo ilivyo, na lugha yenyewe ndivyo inavyotaka. Kweli, lugha ile haikuruhusu funksheni kurudisha zaidi ya thamani moja. Nilipomwambia kwamba baba yangu asingeajiri mtu wa namna hiyo, alicheka akanijibu kwa methali yetu wenyewe, "Mtaka yote hukosa yote, Madame Zaina." Mtu akikupiga kwa fimbo ya kwenu inauma zaidi.

Basi nikaandika kama alivyotaka. Funksheni yangu iliitwa Idadi. Unaipa jina la dawa, inarudisha namba. Ziko arobaini, inarudisha arobaini. Hakuna, inarudisha sifuri. Na je, ikishindwa kufungua faili? Ikishindwa kabisa kuangalia? Namba ilitakiwa irudi kwa vyovyote. Nikaandika irudishe sifuri.

Hapo nataka msimame. Someni tena sentensi hiyo ya mwisho. Niliiandika mimi, saa nne asubuhi, nimeshiba, hakuna aliyenishikia bunduki. Nilichukua mambo mawili yaliyo mbalimbali, "nimetafuta nikakosa" na "sikuweza kutafuta", nikayavalisha kanzu moja. Programu ilifanya kazi zaidi ya mwaka na kila mtu akaisifu, nami nikasifika nayo.

Dawa za frigo zilikuwa na disketi yake peke yake. Chanjo, insulini, vitu vya baridi. Disketi ile iliingizwa kwenye mashine asubuhi na ilikaa humo hadi tunafunga. Jumanne moja, katika mwaka ule wa vikwazo ambapo mipaka ilikuwa imefungwa na kila chupa ilikuwa na thamani ya roho, niliitoa ili niinakili kwenye nyingine. Nakala ni jambo zuri, msiache kunakili. Kisha milio ikaanza kusikika upande wa kaskazini, sote tukatoka uani kusikiliza ni wapi, na niliporudi ndani nikaweka disketi kwenye droo badala ya kwenye mashine. Ni hivyo tu. Droo badala ya mashine.

Ndipo akaja Mama Furaha.

Alikuwa mama wa Uvira, amekimbia vita vya kwao akaingia katika vya kwetu, anauza vitenge, anakaa Carama, kaskazini mwa mji. Alitembea kwa miguu kutoka huko, maana mabasi hayakuwa yakienda. Alinipa karatasi ya kituo cha afya: insulini, kwa ajili ya binti yake Espérance, umri miaka kumi na miwili. Nikaandika jina la dawa kwenye mashine. Ikarudi sifuri.

"Pole, mama," nikamwambia. "Apana iko."

Hakubishana. Alinitazama usoni, akatazama ile mashine, na mashine ilikuwa ikiwaka vizuri, herufi za kijani, safi, inatia imani. Akafunga kitenge chake upya kiunoni akaondoka. Mgongo wake naukumbuka mpaka leo.

Adhuhuri tulikuwa tunakunywa chai na Mzee Saidi, nikasema kwa kulalamika tu kwamba hata insulini imekwisha, nchi hii inakwenda wapi. Akashusha kikombe.

"Nani kasema imekwisha?"

"Mashine."

"Mi nimeona chupa kumi na moja leo asubuhi. Kwa macho yangu. Zinaisha mwezi wa tisa, na frigo iko baridi."

Sikilizeni jinsi mzee yule alivyojibu. Ngapi, ameziona lini na kwa njia gani, zinakwisha lini, zimehifadhiwaje. Hakumaliza hata darasa la sita. Nikaenda kwenye droo, nikaiona disketi, nikakaa sakafuni. Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa aibu na kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Mama Furaha alikuwa amekwisha kwenda, na barabara ya kaskazini ilifungwa mchana ule. Jumatano nzima ilifungwa. Mtoto wa kisukari cha namna ile bila insulini hana siku nyingi, na karatasi ilisema alikuwa na ya siku moja tu. Chef Anselme alisema tungoje gari na kibali. Nikamuuliza kibali kinatoka lini. Akasema labda Jumamosi. Nikamwambia Jumamosi nitakuwa nachukua kibali cha mazishi.

Alhamisi asubuhi wenye miguu wakaanza kuruhusiwa kupita, tukaondoka, mimi na Mzee Saidi. Chef alisimama mlangoni na tai yake akasema depo haitoi dawa kwa namna hiyo, na kwamba nikitoka nisitegemee kukuta meza yangu. Mume wangu alikuwa dereva, lori lake lilikuwa limechomwa njiani miezi mitatu nyuma, na watoto wetu watatu walikula kwa meza ile. Nilijua ninachokiacha. Nikamwambia, "Meza ni yako, Chef. Kosa ni langu, acha nilirekebishe." Nikatoka.

Insulini haipendi joto, na haipendi kugandishwa pia. Mzee Saidi alichukua termosi yake ya chai, akaweka barafu chini, akafunga chupa tatu katika kitambaa kinene ili zisiguse barafu, akafunika. Hata leo, vijana, hilo ni jambo la kujua kuliko koma.

Tukavuka daraja la Ntahangwa, tukaingia Ngagara. Nyumba za kartie, yaani mitaa ile yenye namba, zilikuwa zimefunga milango mchana kweupe. Waswahili wamesema mjumbe hauawi. Miaka ile aliuawa, tena kabla hajasema alichotumwa, na ndiyo sababu hakuna aliyemtuma mwenzake mara mbili kwa jambo lililoweza kujibiwa mara moja. Mbele ya Kartie Tano walikuwepo wanaume watano wamelaza gogo barabarani. Wawili walikuwa na nusu ya sare. Mmoja akauliza kwa Kirundi, "Muri bande?" Akarudia kwa Kiswahili alipoona nguo zetu. "Ninyi ni banani?"

Nyinyi mliozaliwa baadaye huenda mnadhani hilo ni swali la jina. Halikuwa la jina. Lilikuwa likitaka neno moja kati ya maneno mawili ya ukabila, mnayajua, sitayaandika hapa. Katika maisha yangu yote ya kazi sijakutana na funksheni mbaya kuliko ile. Inaingizwa mtu mzima, mwenye mama na majirani na kazi yake, linatolewa neno moja, na kwa neno hilo mtu anafika nyumbani au hafiki.

Niliogopa. Lakini chini ya woga kulikuwa na ukaidi, na ukaidi wangu una sauti kubwa. Sikuwapa neno moja.

"Mi ni Zaina," nikasema, "binti ya Fundi Juma wa Buyenzi, ule alitengenezaka magari ya mji huu yote, labda na ya baba yako. Natumika depo ya dawa. Uyu muzee ni Saidi, ndiye anatunza chanjo mulizodungwa mukiwa batoto. Tunabeba insulini ya mutoto wa Carama. Mutoto anakufa. Na barafu inayeyuka."

Yule mtu akasema, "Mi nimekuuliza kitu kimoja."

"Na mi nimekujibu vyote," nikasema.

Mzee Saidi akasogea mbele. Alifungua termosi, akamshika yule mtu mkono, kama anavyoshikwa mjukuu, akauweka juu ya kitambaa. Mtu yule akasikia baridi. Akakaa na mkono wake humo kitambo. Kisha akautoa, akaufuta kwenye suruali. "Kweli inayeyuka," akasema. "Piteni. Mbio." Sijui kwa nini alituachia. Wengine walijibu vizuri kuliko mimi na hawakuachiwa, na sitaki mtu atoke hapa akidhani maneno yangu yalikuwa hirizi.

Kituo cha afya cha Carama kilikuwa wazi, na muuguzi mmoja wa kike alikuwa amebaki peke yake. Espérance alikuwa amelazwa pale tangu usiku uliotangulia. Alipumua kwa nguvu, kwa haraka, na pumzi yake ilinukia matunda yaliyoiva mno. Muuguzi hakutusalimia hata. Alichukua chupa, akavuta sindano. Mama Furaha alikuwa kwenye mkeka ukutani. Nyumbani alikuwa ameweka chupa ya mwisho ndani ya mtungi wa maji ipoe, akawa anampa mtoto kidogokidogo kuliko alivyoandikiwa, tone kwa tone, ili ifike mbali.

Jioni mtoto alifungua macho akaomba maji. Yuko hai, niwatoe wasiwasi. Ana watoto wake huko Uvira na kila Idi ananipigia simu, ingawa yeye ni Mkristo, na kila mara ananiambia nimenenepa bila hata kuniona.

Lakini hilo lilikuwa baadaye. Siku ile, muuguzi aliposema moyo umetulia, Mama Furaha aliinuka akaja mbele yangu. Nilidhani atanishukuru. Nimekwisha kuwaambia kwamba nilikuwa mtu wa kusifiwa.

"Juzi ulisema apana iko," akasema. "Ilikuwa wapi?"

"Ilikuwa mu frigo, mama. Ilikuwa iko."

"Kumbe uliona?"

"Sikuona. Mashine haikuangalia. Ni mi nilikosa."

Akanitazama vile vile alivyonitazama dirishani. "Wala haukujua," akasema. "Ungesema 'sijui'. Mi ningengoja. Ningekaa pale chini mpaka mutu aende kuangalia. Ulisema 'apana', ndiyo nikaenda."

Nimesoma vitabu vingi vya programu tangu hapo, vya Kifaransa na vya Kiingereza, na sijakuta ukurasa wenye akili kama maneno hayo ya muuza vitenge. *Apana* ilimwondoa. *Sijui* ingemweka.

Nilirudi depo Jumatatu. Meza yangu ilikuwepo, maana Chef Anselme, pamoja na makelele yake, alijua hakuna mwingine wa kuikalia. Sikumsalimia sana. Nilibandua karatasi yake ya *une fonction, une valeur*, nikaigeuza, nikaanza kuandika nyuma yake.

Lugha haikuruhusu funksheni kurudisha majibu matatu, lakini ilikuwa na mlango mwingine, na nitawaeleza kwa sahani. Ramadhani ikifika, kwetu unampelekea jirani sahani ya futari, na sahani hairudi tupu. Inarudi na tambi, au na tende, hata kwa mtu maskini kabisa. Pascal ilikuwa na jambo kama hilo: unaita kipande cha programu, unakikabidhi sahani tupu, tatu au nne, nacho kinazijaza na kukurudishia. Nikaandika upya. Sahani ya kwanza niliiita Hali, ya pili Idadi, ya tatu Kuisha. Na Hali ilikuwa na maneno matatu tu: IKO, HAKUNA, SIJUI. Kama faili haikufunguka, kioo cha mashine kiliandika SIJUI kwa herufi kubwa, na chini yake: NENDA UKAANGALIE KWA MACHO.

Leo nyinyi mnaandika `hali, idadi, kuisha = tafuta("insulini")` na mambo yanakuja yenyewe. Sawa, furahini. Lakini angalieni mpangilio. Claudine, msichana aliyekuja kunisaidia baadaye, aliongeza sahani ya rafu, kisha akapokea majibu kwa mpangilio wake mwenyewe. Idadi ikaingia kwenye rafu, rafu ikaingia kwenye idadi. Mzee Saidi akaja na ngazi begani akauliza kwa upole kabisa: "Madame Claudine, iyi rafu ya mia mbili na arobaini mulijenga lini? Nataka kuiona mbele nife." Tangu siku ile tulivipa vitu majina na hatukutegemea nani amekuja wa kwanza. Fanyeni hivyo. Tena msirudishe umati. Kipande cha programu kikikurudishia vitu tisa, ujue umekituma kazi tatu kwa wakati mmoja, kigawe. Anayetumwa apewe kazi moja, lakini habari zake zote azilete.

Chef alipoona neno SIJUI kwenye kioo, tulipigana. Simaanishi kwa mikono. Alisema wafadhili wanakuja kukagua na hawezi kuwaonyesha mashine inayokiri ujinga. "Mashine ni ya kujua, Madame! Kama haijui, tuliinunua ya nini?" Akaniamuru niondoe neno lile, nirudishe sifuri. Akasema hii ni amri, na akaiandika kwenye karatasi, akaweka sahihi.

Nikaisoma. Nikamrudishia. Nikamwambia: "Chef, kitabu cha Pascal ni chako, kibodi ndiyo hii. Liondoe wewe. Mimi mkono wangu hautaandika sifuri ile mara ya pili. Na ukinifukuza, nitakaa kwenye benchi pale nje, kila mtu atakayeambiwa hakuna nitamwambia aulize tena." Hakuliondoa. Hakunifukuza. Aliacha kuzungumza nami karibu wiki nne, na mimi nikapata nafasi ya kufanya kazi kwa utulivu.

Wiki ya tano, asubuhi, umeme ulikatika, betri ikapiga kelele, mashine ikazimika na kuwaka, na disketi ya frigo ikagoma kusomeka. Chef alikuwa amesimama nyuma yangu na karatasi zake. Nikainua macho nikamwona Mama Furaha dirishani, kikapu mkononi, karatasi ya kituo cha afya mkononi. Amekuja tena kwa miguu.

Nikaandika jina la dawa. Kioo kikajibu. Nilisikia Chef akivuta pumzi.

"Mama," nikasema, "sijui."

Mama Furaha alinitazama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akatabasamu. Akaweka kikapu chini, akakaa kwenye benchi, akakunja kitenge magotini. "Vizuri," akasema. "Nangoja."

Mzee Saidi alikuwa mbali, mwisho wa ghala, juu ya ngazi. Nikaanza kuinuka. Chef Anselme akaniwekea mkono begani nikakaa. Akachukua ufunguo wa chumba cha baridi kwenye msumari, akaenda mwenyewe. Tukasikia mlango wa frigo ukifunguka, ukakaa wazi kidogo, ukafungwa. Akarudi, tai imelala begani.

"Ziko nne," akamwambia Mama Furaha, si mimi. "Zinaisha mwezi wa tisa. Nimezishika kwa mukono, ziko baridi."

Nikafuta mikono yangu kwenye kanga, ingawa haikuwa na grisi, nikamgeukia mama yule aliyekaa kwenye benchi.

"Uyu," nikamwambia, "anajua kutumwa."